Mtoto Asiyesema Apelekwe Kupimwa

Katika vijiji vyetu wapo watoto ambao ukiwaita hawageuki. Mwingine hakutazami usoni. Mwingine huzungusha kifuniko cha chupa kutwa nzima, na ukimnyang'anya hulia sana. Watu husema, "Huyo karogwa." Si kweli. Huenda mtoto huyo ana usonji.

Usonji ni nini? Ni hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti. Hauambukizi. Hauletwi na chanjo, wala si kosa la mama. Hakuna dawa ya kuuondoa. Lakini watoto wengi wakifundishwa mapema hujifunza kuvaa, kula wenyewe na kueleza wanachotaka.

Tuangalie nini? Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye haonyeshi kitu kwa kidole, au hana neno hata moja. Au aliyekuwa akisema, halafu akaacha. Tusikae tukisema, "Atasema tu." Udongo uwahi ungali maji.

Twende wapi? Kwanza zahanati, na kadi ya kliniki mkononi. Tuombe barua ya rufaa. Hospitali ya Haydom iko humu humu Mbulu. Kubwa zaidi ni KCMC, Moshi. Masikio yapimwe pia, maana mtoto asiyesikia naye hageuki akiitwa. Kama huanguka kifafa, tuseme. Kifafa kina dawa.

Usonji hauonekani kwa kupima damu. Mtaalamu humtazama mtoto anavyocheza, na humwuliza mzazi maswali mengi. Basi tuandike kwenye daftari: alikaa lini, alitembea lini, alisema neno gani, aliacha lini. Hapo ndipo kisomo chetu kinapotufaa.

Tukirudi, je? Tuonane na afisa ustawi wa jamii na mwalimu mkuu. Tuulize shule gani ina darasa la elimu maalum. Tusiogope kuuliza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inampa mtoto huyu haki ya kusoma na kutibiwa kama wenzake.

Wengine humfunga mtoto kamba wakienda shambani, wakiogopa atapotea. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini kamba haimfundishi kitu. Majirani tupokezane kumwangalia, na baba naye aende kliniki. Mzigo huu si wa mama peke yake.