Damu Inayoshuka Upesi

Mwenye kikohozi cha siku nyingi akifika hospitali, huenda akatolewa damu kidogo mkononi. Wengine hapa Mikelenge huuliza, damu hiyo yaenda wapi? Biblia hutufundisha kuiheshimu damu, basi swali ni la haki. Haiuzwi. Hutiwa katika mrija mwembamba wa kioo uliosimamishwa wima, nayo hutazamwa baada ya saa 1. Chembe nyekundu hushuka, maji ya manjano hubaki juu. Mapafu yakiwaka ugonjwa, ini hutoa protini zinazoshikamanisha chembe, nazo hushuka upesi. Mwaka 1930 Tillett na Francis, huko New York, waliona katika damu ya wagonjwa wa homa ya mapafu protini nyingine, iitwayo leo CRP.

Lakini huo ni moshi tu, hauonyeshi ni nyumba ipi inayoungua. Malaria huupandisha, hata mimba. Tena mtu aliyeharibiwa mapafu kwa tumbaku au moshi wa jiko aweza kuonekana na damu njema, huku pumzi yamwishia.

Kwa hiyo sipendi kusikia, “Damu yangu ni nzuri, sitoi makohozi.” Kifua kikuu hutafutwa katika makohozi. Kikohozi kikifika majuma 2, omba nyumbani, kisha uje na makohozi ya asubuhi, kabla watoto unaolala nao hawajaanza kukohoa.