Tangi likititia bomba hukatika: tufanyeje?

Wasikilizaji wetu, tuanze na hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Simtanki la lita 5,000 likijaa, jukwaa lake limebeba tani 5. Kwenye mchanga wa Mbamba Bay, au kwenye udongo uliojazwa kusawazisha kiwanja milimani Mbinga, jukwaa hutitia kidogo kidogo. Tangi linashuka, bomba lililoshikwa na zege halishuki. Hapo hukatika shingoni, linapotokea kwenye tangi, na maji ya kutuvusha kiangazi yanamwagika.

Tufanyeje? Tushindilie udongo vizuri kabla ya kujenga jukwaa. Tufunge koki, tujaze tangi, tuliache siku kadhaa likae, ndipo tuunge bomba la kwenda nyumbani. Hata matangi makubwa ya mafuta hujazwa maji kwanza kuyapima. Kati ya tangi na bomba tuweke kipande cha mpira imara, ili tangi likishuka mpira upinde, bomba lisivunjike. Zege lisiguse bomba karibu na tangi. Maji yanayofurika tuyaelekeze mbali, maana ndiyo yanayolainisha udongo chini ya jukwaa.