Nyeri na Moshi: Kahawa Moja, Shule Mbili

Mkulima wa Othaya, Nyeri, na mwenzake wa Kibosho, huko Moshi, wakikutana hawatakosa la kuzungumza. Wote wawili wanalima kahawa kwenye miteremko ya milima, na kwa vizazi kadhaa malipo ya kahawa yamekuwa yakiishia shuleni. Waanze kulinganisha madarasa ya watoto wao, na hapo hawataelewana.

Zamani wangeelewana. Kenya, Tanzania na Uganda zilifuata mpango mmoja: miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na sita, kisha 3 ya chuo kikuu. Tanzania ilibaki nao. Kenya, baada ya ripoti ya tume ya Mackay ya 1981, ilianza 8-4-4 mwaka 1985, na mwaka 1989 watahiniwa wa mwisho wa kidato cha sita wakafanya mtihani wao.

Mpango wa 8-4-4 uliahidi ufundi. Wazazi walifanya harambee wakajenga karakana za useremala na vyumba vya sayansi kimu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mzigo wa masomo ulipopunguzwa, kazi za mikono ziliondolewa kwenye mtihani wa KCPE. Na Kenya hii, somo lisilotahiniwa nani atalifundisha?

Sasa tuna Mtaala wa Umilisi, nao unaahidi ufundi uleule. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, mwaka ambao Gredi ya 7 ya kwanza ilianza sekondari msingi, ikiwa ndani ya shule za msingi zilizojengwa bila maabara, huku nyingi zikitegemea walimu tarajali. Januari 2026 kundi hilo likaingia Gredi ya 10 na kugawanywa katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo.

Mtu wa Moshi atacheka kidogo. Kwake hizo ni tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo kama PCB na HGL, na mtoto wake huzichagua akienda kidato cha tano. Tumekirudia tulichokitupa 1989, ila tumekileta mapema: wa Nyeri anachagua baada ya miaka 9 darasani, wa Moshi baada ya 11. Tanzania nayo haijasimama. Sera iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwanzoni mwa 2025 inapunguza elimu ya msingi iwe miaka 6, inafanya miaka 10 kuwa ya lazima, na kufungua mkondo wa amali sekondari. Majirani wamepishana njiani, kila mmoja akielekea alikotoka mwenzake.

Kwa hiyo hesabu ya miaka isitushughulishe sana. Tofauti kubwa ni lugha. Katika shule ya serikali huko Moshi, mtoto hujifunza hisabati na sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, halafu kidato cha kwanza karibu vitabu vyote vinageuka Kiingereza. Huku kwetu, sera inataka lugha ya eneo katika madarasa ya chini, yaani Kikuyu kule Tetu, lakini shule za kibinafsi za Nyeri mjini huanza na Kiingereza chekechea. Kwa maoni yangu Tanzania imewatendea haki zaidi watoto wadogo, kisha ikawaacha pabaya wakiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne.

Tofauti nyingine ni pesa. Tanzania iliondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na hadi cha sita mwaka 2022. Kwetu, Rais Mwai Kibaki, aliyekuwa pia mbunge wa Othaya, aliondoa karo ya msingi 2003 na ya sekondari za kutwa 2008. Tatizo ni kwamba watu wa Nyeri wanaamini bweni. Shule ya kutwa iliyo jirani huonekana ya walioshindwa, na mzazi yuko radhi kuuza ng'ombe alipe Sh53,554 za shule ya kitaifa, achilia mbali sanduku, godoro na sare.

Mzazi mwenye mtoto Gredi ya 9, kabla ya kujaza mkondo wa sayansi kwa sababu ya jina la shule, nenda shuleni mwenyewe. Omba maabara ifunguliwe uione, kisha uliza mwalimu wa fizikia ni nani na kama ameajiriwa kwa kudumu.