Fahamu: Vyuo vikuu vya Marekani huwapataje wanasoka?

Je, kijana anayetamba uwanjani Karurumo, Embu, anaweza kusomea Marekani kupitia soka? Inawezekana. Philip Mayaka, mzaliwa wa Kenya, alichezea Chuo Kikuu cha Clemson kabla ya klabu ya Colorado Rapids kumchagua wa tatu katika drafti ya 2021 ya MLS, ligi kuu ya soka Marekani.

Nani huchagua? Makocha wa vyuo, kwa kutazama video na mashindano ya vijana.

Masharti? NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, hukagua alama za sekondari na historia ya mchezaji.

Ufadhili je? Mara nyingi ni nusunusu: hadi 2025, timu ya wanaume ya daraja la kwanza iligawana ufadhili kamili 9.9 pekee.

Basi kijana, usiutupe mtihani wa KCSE kwa ajili ya mpira.