Gari Kuukuu la Turbo Hulindwa kwa Mambo Madogo

Kabonga ni kituo cha mwisho cha Burundi upande wa kusini wa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Msafiri aendaye kusini huona Tanzania mbele yake, milima kushoto kwake na maji ya ziwa kulia. Mgonjwa akizidiwa usiku, au mama akishikwa na uchungu, hupelekwa kaskazini, Nyanza-Lac. Na mambo yakiwa mazito zaidi, safari huendelea hadi Rumonge, au hata Bujumbura, mji ulio kiasi cha kilomita 75 kutoka Rumonge. Katika safari ya namna hiyo hakuna aulizaye uzuri wa rangi ya gari wala mwendo wake. Liulizwalo ni moja tu: je, litafika?

Swali hilo linazihusu familia nyingi za askari na polisi. Chukulia askari mstaafu aliyetumia sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake kununua Toyota Land Cruiser ya mwaka 1992, yenye injini ya dizeli na turbo. Bado ni gari la nguvu, na halijabadilishwa sana tangu lilipotoka kiwandani. Vijana wa mtaani wanamshauri bwana huyo aifungue skrubu ya pampu ili gari “liruke”. Mkewe, ambaye ndiye mtunza akiba ya nyumba, anauliza kama fedha hizo hazifai zaidi kulipia karo. Wote wawili wana haki ya kupewa jibu lenye hesabu.

TURBO NI KITU GANI

Turbo si uchawi, na wala si jambo jipya. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1905. Moshi wa injini, badala ya kupotea bure, huzungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo nalo huzungusha jingine linaloisukumia injini hewa nyingi zaidi. Hewa ikizidi, dizeli huungua vizuri zaidi, na nguvu huongezeka.

Faida yake huonekana milimani. Ziwa liko kwenye kimo cha meta 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, lakini njia ya kutoka Rumonge kwenda Bururi hupanda hadi zaidi ya meta 1,700, ambako hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo huhema huko juu, hali ile yenye turbo hupanda bila taabu kubwa.

Hata hivyo, kila neema ina gharama yake. Gurudumu hilo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, tena ndani ya moshi wenye moto mkali, na kinachokinga mhimili wake usisagike ni utando mwembamba wa oili. Kwa hiyo uhai wa turbo umo katika vitu vinne: oili safi, hewa safi, dizeli safi na maji ya kupooza yasiyopungua. Fedha yoyote ya kuliboresha gari kuukuu yapasa ianzie hapo.

DIZELI CHAFU NI ADUI WA KWANZA

Mwaka 2024 uhaba wa mafuta nchini Burundi ulikuwa mkali. Foleni za magari zilikuwa ndefu, na watu wengi walitumia dizeli, ambayo wakazi wa mwambao huiita mazutu, iliyopitia katika mabidoni na kwa mikono mingi. Mafuta ya namna hiyo huja na maji, mchanga na kutu. Licha ya kuwa sheria huwashika wauzao kwa magendo, mnunuzi naye hupata hasara ambayo haionekani siku ile.

Sababu yake ni hii. Pampu ya dizeli ya magari hayo hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Maji yakiingia, ulainishaji huondoka, vyuma husagana, na kutu huanza. Pampu ikiharibika hivyo, gharama ya kuitengeneza huweza kumaliza akiba ya miezi mingi.

Kwa hiyo, nyongeza ya kwanza iwe chujio la pili la dizeli, lenye bakuli linaloonyesha maji yaliyojitenga chini. Hufungwa kabla ya chujio la kiwandani, na bakuli lake hukaguliwa kila asubuhi na kumwagwa maji kwa kufungua kizibo kidogo. Chujio la kiwandani lisiondolewe, na taa yake ya onyo kwenye dashibodi, ikiwa imekufa, itengenezwe.

Ikilazimu kutumia mafuta yaliyokaa katika bidoni, yaachwe yatulie usiku kucha, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli nayo huzama chini. Asubuhi yamiminwe polepole kwa kupitia chujio, na sehemu ya mwisho isitiwe ndani ya tangi. Bidoni lisiwekwe chumbani wanakolala watu, wala karibu na jiko, wala mahali watoto wafikapo.

Ipo pia tamaa ya kutia mawese. Rumonge ni nchi ya michikichi, na ni kweli kwamba kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ni kweli vilevile kwamba mwaka 1937 mtaalamu wa Ubelgiji aitwaye Chavanne alipata hati ya njia ya kuyageuza mafuta ya mawese yafae kwa injini. Lakini neno kubwa hapo ni “kuyageuza”. Mawese mabichi ni mazito, huganda hali ya hewa ikipoa, na huacha masizi kwenye nozeli na pistoni. Mawese ya sokoni yabaki jikoni.

HEWA, VUMBI NA MAFURIKO

Vumbi likipenya chujio la hewa, hupiga mapanga ya turbo na kukwangua silinda. Basi chujio libadilishwe kwa wakati, na mipira yote kati ya chujio na turbo ikaguliwe, kwani ufa mdogo baada ya chujio huifanya kazi yote ya chujio kuwa bure.

Nyongeza ifaayo hapa ni bomba la hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda sana. Mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba na barabara za mwambao, Rumonge ikiwemo. Injini ya dizeli ikinywa maji, pistoni haiwezi kuyagandamiza, na konrodi hupinda. Bomba la juu hupunguza hatari hiyo, na pia huvuta hewa yenye vumbi pungufu. Hata hivyo, bomba hilo si kibali cha kuingia mtoni. Maji yaendayo kasi huweza kulichukua gari zima pamoja na walio ndani yake.

MAJI YA REJETA

Wengi huchota maji ya ziwa na kuyatia katika rejeta. Maji ya Tanganyika ni matamu kwa mnywaji, lakini yana madini mengi yaliyoyeyuka, na madini hayo huganda kama magamba ndani ya njia nyembamba za rejeta na injini. Mwisho wake ni joto, na joto hupasua silinda hedi.

Litumike maji yaliyotoneshwa, au ya mvua yaliyokingwa safi, pamoja na dawa ya rejeta ya kuzuia kutu. Gari lililopita miaka 30 libadilishiwe mipira yote ya maji, kifuniko cha rejeta na thamostati, vyote kwa siku moja. Vitu hivyo ni vya bei ndogo vikilinganishwa na injini. Klachi ya feni nayo ipimwe, maana ikichoka feni huzunguka kwa uvivu, na gari huchemka mlimani hata kama rejeta ni nzima.

Kisha iwekwe kengele ya joto. Geji ya kiwandani huchelewa kusema, na maji yakiwa yamekwisha mwagika yote huweza kudanganya kabisa. Kengele inayopima joto la chuma cha injini humwamsha dereva mapema, akaweza kusimama kabla ya maafa. Iko pia geji ya joto la moshi, inayomwambia dereva wakati wa kulegeza mguu akiwa mlimani na mzigo.

OILI, BERINGI NA MKANDA

Oili ya injini ya turbo hupata joto kali. Kwa barabara za vumbi na dizeli isiyo ya uhakika, kuibadilisha pamoja na chujio lake kila kilomita 5,000 ni hesabu ya busara. Bomba dogo linalopeleka oili kwenye turbo lisafishwe au libadilishwe ikiwa lina masizi. Baada ya kupanda mlima, dereva asizime injini papo hapo. Aiache ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili, turbo ipoe huku oili ikiendelea kupita.

Kila gari lina udhaifu wake. Injini ya Land Cruiser iliyotajwa, ijulikanayo kwa jina la 1HD-T, ilitengenezwa kuanzia mwaka 1990 hadi mwanzo wa 1995. Ina silinda sita na ujazo wa sentimeta za ujazo 4,164, na sifa zake ni nyingi. Lakini mafundi wa nchi nyingi wamegundua kwamba beringi zake za konrodi huchakaa mapema kuliko ilivyotazamiwa. Beringi ikizunguka, krenki huharibika, na injini nzima hufunguliwa. Fundi stadi huweza kuzibadilisha kwa kuondoa karai la oili chini ya gari, bila ya kuishusha injini. Kwa gari lisilo na kumbukumbu ya kazi hiyo, ni vema ifanywe mara moja na kuandikwa.

Mkanda wa taimingi nao ni jambo la kufa na kupona. Katika injini hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya dashibodi huwaka kukumbusha. Lakini taa huweza kuzimwa na mtu bila mkanda kuguswa, basi mnunuzi asiiamini taa peke yake. Mkanda ukikatika mwendoni, vali na pistoni hugongana. Wenye Land Rover za injini ya 300Tdi, iliyotoka mwaka 1994, wanalijua somo hilo: za mwanzo zilikuwa na mikanda iliyolika mapema kwa sababu ya magurudumu yake kutokaa sawa. Ukibadilishwa mkanda, kikaza mkanda kibadilishwe pamoja nao.

KUONGEZA NGUVU AU KUONGEZA UMRI?

Ushauri wa kufungua skrubu ya pampu una utamu wa siku moja. Dizeli ikiongezwa bila hewa ya kutosha, moshi mweusi hutoka, na moshi mweusi ni dizeli iliyolipiwa na kutupwa nje. Joto hupanda, pistoni huweza kuyeyuka, silinda hedi hupasuka, klachi na giaboksi hulemewa. Wale waliolibuni gari waliacha nafasi kati ya kazi ya injini na kikomo cha nguvu zake. Nafasi hiyo ndiyo iliyolifikisha gari umri wa miaka 30, na kuila ni kuukata umri wake.

Tena gari hilo lina uzito wa zaidi ya tani mbili. Kabla ya kufikiria kulikimbiza, mwenyewe ajiulize kama litasimama. Mipira ya breki ya zamani, maji ya breki yasiyobadilishwa kwa miaka, na matairi yaliyokauka ni hatari kuliko turbo yoyote iliyochoka.

DAFTARI NA UKAGUZI WA ASUBUHI

Kila askari aliyewahi kukabidhiwa gari la kikosi anajua kwamba halitoki langoni kabla ya kukaguliwa na kuandikwa daftarini. Desturi hiyo ihamie nyumbani. Daftari la shule latosha: tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa, kipuri kilichotiwa, bei, na kilomita za kazi ijayo. Mama wa nyumba aweza kulishika, na mtoto wa shule ya msingi aweza kuandika.

Ukaguzi wa asubuhi hauchukui hata robo saa: oili, maji, maji ya breki, bakuli la chujio la dizeli, mikanda, matairi, taa, na ardhi chini ya gari kama pana tone. Injini ikiwa ya moto, kifuniko cha rejeta kisifunguliwe na mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo.

Basi jibu la mume na mke wale ni lipi? Si lazima kazi zote zifanywe kwa mwezi mmoja. Breki zitangulie, kwa sababu ya roho za watu. Zifuate oili, chujio la dizeli na maji ya rejeta. Mwezi mwingine mkanda, mwingine beringi, na mwisho bomba la hewa na geji. Kwa mpango huo karo hulipwa, na skrubu ya pampu haiguswi.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba iliyoko mwambaoni, mbali na gereji kubwa, haina uwezo wa kujenga ukuta kila mwaka. Ina uwezo wa kuziba nyufa, mmoja baada ya mwingine, ili usiku ule mlango utakapogongwa na jirani akisema mgonjwa amezidiwa, ufunguo uzungushwe, injini iitike, na taa za gari zielekee Nyanza-Lac.