Kifua Kinapobanwa na Hofu

Somo letu la leo linatoka katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 19. Kama Biblia yako iko karibu, ifungue hapo, kisha unisikilize kidogo.

Nataka kuanza na mama mmoja. Jina lake silitaji, kwa kuwa mama huyu si mtu mmoja tu. Yumo katika kila ushirika, na pengine Jumapili iliyopita alikaa karibu nawe. Ni saa nane za usiku. Amelala, mara anashtuka. Moyo unadunda kama ngoma. Kifua kimebana kana kwamba mtu ameketi juu yake. Anavuta pumzi, lakini anaona haitoshi. Vidole vinakufa ganzi, jasho linamtoka, na wazo moja tu limemjaa: "Leo nakufa." Mume wake anamwita jirani mwenye pikipiki, wanakimbilia hospitali. Anapimwa presha, anapimwa moyo kwa mashine, anatolewa damu. Kunapokucha daktari anamwambia, "Mama, moyo wako ni mzima. Nenda nyumbani upumzike."

Je, mama huyu alifurahi? La, alirudi na aibu. Jirani mmoja alisema alikuwa akijifanya. Mwingine alisema amerogwa. Na wa tatu, mshiriki mwenzake, alimwambia neno lililomchoma kuliko yote: "Dada, mtu wa imani haogopi." Tangu siku hiyo mama aliacha kusema. Lakini maumivu hayakuacha kuja.

Wapendwa, jambo ninalotaka mlishike leo ni hili: maumivu ya mama huyu ni ya kweli, yana sababu, yana msaada, wala si alama ya kukosa imani.

Kwanza tuone yanatoka wapi. Tuseme unapalilia shambani, na ghafla unaona nyoka ndani ya mtaro. Kabla hujafikiri lolote, mwili wako umekwisha kujitayarisha. Juu ya figo ziko tezi mbili ndogo, nazo zinamwaga ndani ya damu kitu kinachoitwa adrenalini. Moyo unakwenda mbio ili upeleke damu miguuni. Pumzi inaongezeka. Misuli ya kifua, ya mabega na ya shingo inakazika. Tumbo linaacha kazi yake. Mungu alituumba hivyo ili tuweze kukimbia au kupigana, na ni jambo jema, maana limewaokoa wengi.

Lakini karo ya shule si nyoka. Deni halikimbiwi kwa miguu. Mvua za Novemba zisipokuja, na mahindi yakakauka yangali magotini, utampiga nani jembe? Hata hivyo mwili hautofautishi sana. Unafanya yale yale uliyoyafanya kwa nyoka, nawe umelala kitandani. Nguvu hiyo haina pa kwenda. Misuli ya kifua iliyokazika kwa muda mrefu inauma, kama mgongo unavyouma baada ya kuchimba mitaro siku nzima. Na mtu anapohema haraka haraka bila kazi yoyote, anatoa hewa ya kaboni nyingi kupita kiasi. Ndipo kichwa kinazunguka, midomo na vidole vinakufa ganzi, na kifua kinazidi kubana. Kisha mtu huyo anaogopa maumivu yenyewe. Hofu inaleta maumivu, maumivu yanaleta hofu, na gurudumu linazunguka. Mara nyingi kishindo hicho hufika kilele chake kwa muda wa kama dakika kumi, kisha huanza kushuka chenyewe.

Jambo hili si geni, wala si la watu dhaifu. Mwaka wa 1871 daktari mmoja wa Marekani, Jacob Da Costa, aliandika habari za askari waliopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi ile. Wengi walilalamika kwamba kifua kinauma, moyo unadunda na pumzi inakatika, lakini alipowapima hakuona ugonjwa wa moyo wa kutosha kueleza taabu yao. Watu wakauita "moyo wa askari". Hao walikuwa wanaume waliosimama mbele ya mizinga. Nani atawaita waoga?

Na sisi wa Machakos tunajua hofu inavyoweza kuingia nyumbani. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, moto uliochoma bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli uliwaua wavulana 67. Je, ni ajabu mzazi mwenye mtoto bwenini kushtuka kifua simu inapolia usiku wa manane? Mwili una kumbukumbu yake.

Sasa turudi kwa Eliya. Alikuwa nabii mkuu. Juu ya mlima Karmeli aliwakabili manabii wa Baali peke yake bila kutetemeka. Lakini Yezebeli alipomtumia ujumbe wa kumwua, alikimbia mpaka Beer-sheba, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Yule aliyeita moto kutoka mbinguni hakutaka kuishi tena!

Angalieni Mungu alimfanyia nini. Hakumkemea. Hakumwambia kwamba imani yake imepungua. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na Eliya akaona mkate na maji ya kunywa. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na kumlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Ni baadaye tu, huko Horebu, Bwana alipomwuliza habari zake na kumwacha amwage yote yaliyokuwa moyoni, tena mara mbili. Mwisho alimpa kazi ya kufanya, akampa Elisha awe mwenzake, na kumjulisha kwamba hakubaki peke yake, maana walikuwako wengine 7,000.

Mmeona utaratibu huo? Usingizi na chakula kwanza, kisha kusikilizwa, kisha mwenzi na kazi. Mungu alianza na mwili. Basi na sisi tusione aibu kuanza hapo.

Nitataja mambo matano ya kufanya.

La kwanza, usijipime mwenyewe. Kifua kinaweza kuuma kwa ugonjwa wa moyo, wa mapafu, wa tumbo, au kwa kifua kikuu, na hakuna mtu awezaye kutofautisha kwa kukisia. Ikiwa maumivu yanalemea kama mzigo, yanaenea mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni, yakiwa na jasho baridi, kutapika au kukosa pumzi, usingoje asubuhi. Nenda hospitali sasa hivi. Vivyo hivyo yakija unapopanda mlima au kubeba mzigo na kupoa unapopumzika, usikawie kumwona daktari. Mwenye presha, mwenye ugonjwa wa sukari, mvutaji wa sigara na mtu mwenye umri mkubwa waangalie zaidi. Na mtu asikuzuie kwenda hospitali kwa kusema kwamba mtaomba kwanza. Ombeni njiani.

La pili, daktari akiisha kukupima vizuri na kukuambia kwamba moyo ni mzima, pokea neno hilo. Wako wanaotoka hospitali hii kwenda ile, wakauza mbuzi, kisha ng'ombe, wakitafuta ugonjwa usiokuwapo. Bali kukiwa na dalili mpya, rudi ukaangaliwe. Na ikiwa ni hofu, mwulize daktari waziwazi habari za matibabu ya hofu, maana yako. Kuna washauri waliofundishwa kuzungumza na wagonjwa wa namna hii, na zipo dawa pia. Ukiwa umeandikiwa dawa, usiziache kwa shauri la jirani.

La tatu, jifunze kupumua. Kishindo kinapokuja, keti, weka mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi polepole kwa pua huku ukihesabu mpaka nne, tumbo liinuke. Toa pumzi polepole zaidi, ukihesabu mpaka sita. Fanya hivyo kwa dakika chache. Legeza mabega. Jiambie, "Hii ni hofu. Ilikuja jana ikapita, na leo itapita." Usipigane nayo, wala usikimbie kutoka ibadani au kushuka matatu kabla ya kufika. Ukikimbia kila mara, hofu inajifunza kwamba inaweza kukufukuza. Ukikaa mpaka ishuke, inapungua nguvu. Na zoezi hili lifanye kila siku ukiwa mtulivu, ili siku ya taabu ulijue.

La nne, tunza mwili kama malaika alivyomtunza Eliya. Kula kwa wakati wake. Lala saa zinazotosha. Tembea kila siku. Punguza chai nzito na kahawa, hata ikiwa kahawa ya Kangundo ndiyo iliyotusomeshea watoto, kwa sababu inauharakisha moyo wenye hofu. Miraa na sigara nazo ni hivyo hivyo. Pombe inatuliza jioni, na alfajiri inarudisha hofu maradufu.

La tano, sema. Mwambie mtu mmoja unayemwamini mambo yanayokulemea, karo, deni, ugomvi wa nyumbani, msiba. Daudi katika Zaburi ya 55 hakuona haya kumwambia Mungu jinsi moyo wake ulivyokuwa ukiuma ndani yake na tetemeko lilivyompata. Na kama wewe umefika mahali pa Eliya, unatamani kufa, usilale leo kabla hujamwambia mtu na kupelekwa hospitali. Mungu hakumtupa Eliya kwa ombi lile, wala hakutupi wewe.

Sasa neno kwa wachungaji, wazee wa kanisa na ushirika wa akina mama. Wagonjwa hawa mara nyingi huja kwenu kabla ya kwenda kwa daktari. Jirani zetu wa Makueni, waliokuwa wilaya moja nasi mpaka mwaka wa 1992, wametuonyesha njia. Katika miaka ya 2010, Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwakutanisha huko viongozi wa dini wanaoombea wagonjwa, waganga wa kienyeji na wafanyakazi wa afya, wakae pamoja na kuzungumza jinsi ya kuwasaidia wenye shida za akili na kupelekeana wagonjwa. Kama hao waliweza kukaa meza moja, mchungaji na muuguzi wa zahanati ya karibu watashindwa? Paulo alisafiri pamoja na Luka, naye katika barua kwa Wakolosai anamwita tabibu mpendwa. Injili na dawa zilitembea njia moja.

Basi mtu akikuambia kifua kinambana, usimhubirie kwanza. Mwulize kama amepimwa. Msindikize hospitali. Mpelekee uji. Keti naye, msikilize mpaka amalize, kisha ombeni pamoja. Ukifanya hivyo umefanya kazi ya yule malaika.

Na wewe mama ninayekusema leo, uliyeacha kuzungumza, wewe si mwongo wala si mwasi. Umechoka, na safari imekuwa kubwa kuliko nguvu zako. Inuka, ule.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeumba moyo na pumzi, waangalie wanaoamka usiku kwa hofu. Wape usingizi, wape chakula, wape mtu wa kuwasikiliza na tabibu mwenye hekima. Utusamehe sisi tuliowaongezea mzigo kwa maneno yetu. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.