Uzuri wa Mkakasi Sebuleni Mwetu

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii tumeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, tukiwaonya vijana wasihadaike na sura ya nje ya mambo. Ajabu ni kwamba sisi walimu wenyewe, tukishapokea mshahara na kuingia katika maduka ya vyombo vya umeme mjini Kitui, Mwingi, Wote au Emali, methali hiyo huwa tumeiacha mlangoni.

Nakiri kwamba nami ni mmoja wa walioiacha.

Umeme ulipofika nyumbani kwetu Makueni, niliazimia kununua chombo cha muziki kitakachoipa sebule heshima. Nilikikuta katika duka moja ambalo sitalitaja. Kilikuwa cheusi cha kung'aa mithili ya kioo, na sabufa yake ilizungukwa na taa za buluu na nyekundu zilizocheza kufuata mdundo. "Mwalimu," akaniambia muuzaji kwa adabu, "hii ni wati elfu kumi." Kisha akaweka wimbo wenye ngoma kubwa, kifua changu kikatikisika, nami nikatoa fedha bila kuuliza swali hata moja. Mimi, ambaye huwakemea wanafunzi kwa kutouliza maswali!

Kosa langu lilidhihirika Krismasi ile. Mwaka wa 1994, nikiwa chuoni nasomea ualimu, nilipewa kazi ya kukusanya fasihi simulizi. Nilikwenda kwa nyanya yangu, Susu kama tulivyomwita kwa Kikamba, nikamnasa katika kanda ya kaseti akisimulia ngano na kuimba nyimbo za kilumi alizocheza enzi za ujana wake. Susu alikwisha kutangulia mbele ya haki, na kanda hiyo ndiyo mahali pekee ilipobaki sauti yake. Mpwa wangu alikuwa ameihamishia kwenye kompyuta, kisha akaitia katika kijiti kidogo cha kuhifadhia sauti. Jamaa wote walipokusanyika, nikakichomeka kijiti hicho katika chombo changu kipya, nikamketisha mama mbele yake.

Kilichotoka kilikuwa mvumo. Sauti ya kikongwe yule ilifanana na pipa linaloviringishwa juu ya mawe. Tulipunguza hiki, tukaongeza kile, taa zikazidi kucheza, lakini maneno hayakushikika. Mama alisikiliza kwa subira, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu anayenguruma ni nani? Mama yangu hakuwa na ngurumo."

Nilitahayari. Hatimaye tuliitafuta kanda yenyewe, tukaitoa ghalani redio-kaseti ya marehemu baba, yenye sanduku la mbao lililoliwa pembeni na kitufe kimoja kilichong'oka kikatiwa msumari. Tulipoiwasha, Susu akasema nasi. Kila neno lilikuwa bayana, na ulipofika wimbo wa ndani ya ngano, mama aliitikia kama alivyofanya alipokuwa mtoto. Hapakuwa na aliyeikumbuka sura ya redio ile.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kuelewa kilichotokea. Sikio la binadamu mwenye afya husikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Besi inayotikisa kifua hukaa chini kabisa katika ngazi hiyo. Lakini konsonanti, yaani zile sauti zinazotuwezesha kutofautisha "pata" na "bata", au "kata" na "kaza", hutegemea zaidi mitetemo ya juu, ya elfu moja na kuendelea. Simu ya kawaida ya waya iliundwa kupitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 pekee, na bado tuliongea kwayo tukaelewana. Kinyume chake, besi ikizidi huzifunika sauti nyembamba, na msikilizaji hubaki na kelele asiyoweza kuitafsiri. Chombo changu kilitengenezewa besi. Zile spika mbili ndogo zilizopaswa kubeba maneno zilikuwa za plastiki nyepesi, zimewekwa hapo kukamilisha umbo.

Na zile wati elfu kumi je? Hapa nawaomba walimu wa fizikia wanisaidie kufundisha. Plagi ya nyumbani kwetu Kenya ina fyuzi isiyozidi ampea 13, nayo volti ni 240. Zidisha: jawabu ni wati 3,120. Basi chombo kinachonywa umeme kupitia plagi hiyo moja kitatoaje wati elfu kumi mfululizo? Niligeuza changu nyuma, nikakuta kibandiko kidogo kilichosema kwamba kinatumia wati 60. Takwimu kubwa iliyoandikwa mbele hufuatwa na herufi PMPO, hesabu isiyo na kanuni moja inayokubaliwa na wote, na kila mtengenezaji huikuza apendavyo. Takwimu ya kuaminika zaidi ni ile yenye herufi RMS, inayoonyesha nguvu ambayo chombo kinaweza kuidumisha. Aidha, mtu asidhani kwamba wati zikiongezeka maradufu sauti nayo itakuwa maradufu. Nguvu ikizidishwa mara mbili huongeza desibeli tatu tu, na ili sikio lihisi kuwa sauti imekua maradufu huhitajika nguvu takriban mara kumi. Debe tupu haliachi kuvuma. Siku hizi debe hilo huandikiwa na tarakimu.

Hesabu hii ina uzito zaidi kwa wenzetu wa Mutomo, Kyuso au Kibwezi wanaotegemea nguvu za jua. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 huhifadhi wati-saa 600, na ikiwa ni ya asidi haifai kutumiwa kupita nusu, isije ikafa mapema. Zilizobaki ni 300. Chombo cha wati 60 kinaweza kuzimaliza kwa saa tano, na mtoto akakosa taa ya kusomea.

Hata hivyo, sitaki nieleweke kana kwamba naudharau urembo. Mwenzangu nyumbani aliponiona nikifikiria kuiweka redio ya baba pale mezani, alinikumbusha kwamba sebule ni uso wa nyumba, na kwamba mgeni huona kabla hajasikia. Alikuwa na haki. Chombo kinachoichukiza familia hatimaye hurudishwa ghalani, na chombo kilichoko ghalani hakimwimbii mtu. Isitoshe, Wakamba ni watu wa kuchonga. Ufundi wa vinyago ulioenea kutoka Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia umeifanya jamii hii ijulikane ulimwenguni kwa kulipa gogo umbo la kupendeza. Itakuwaje tuseme kwamba jicho halina haki yake?

Swali ni kama urembo wenyewe unaisaidia sauti au unaipinga. Tazama sanduku la spika. Utando wa spika unapokwenda mbele husukuma hewa iliyo mbele yake, na papo hapo huivuta ile iliyo nyuma. Mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana, hasa yale ya sauti nzito. Kazi ya sanduku ni kuyatenganisha, na sanduku lenyewe lisitetemeke. Plastiki nyembamba hutetemeka na kuongeza sauti yake ambayo mwimbaji hakuiimba. Mbao nene na imara hutulia. Kumbe katika spika, kile kipande cha mti kilichobezwa na methali ndicho chenye thamani!

Nasi mti tunao. Mukau, ambao wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, wamekuwa wakiuendeleza katika kituo chao cha Kitui, hustahimili ukame wetu, na mbao zake hupendwa na maseremala kwa rangi yake nzuri na kwa kuwa mchwa hauziwezi kwa urahisi. Nilimpelekea seremala mmoja wa Kitui spika mbili za kawaida, kila moja na kijispika cha sauti nyembamba, akaziundia masanduku ya mukau, akayapiga msasa na vanishi. Niliyaunganisha na amplifaya ndogo isiyo na taa za kuchezacheza. Mwenzangu aliyakubali kabla hata hayajalia. Mama naye aliyakubali alipomsikia Susu.

Yapo pia mapambo yanayoweza kutusaidia. Nyumba zetu nyingi zina sakafu ya saruji na paa la mabati, na sauti hurukaruka humo kama mpira. Mapazia mazito, mkeka, viti vya vitambaa na rafu ya vitabu huutuliza mwangwi huo, na vyote ni urembo. Lakini kile kitambaa kinene cha kufuma tunachokitandaza juu ya chombo hadi kikaifunika spika, hata kama kilifumwa kwa upendo mwingi, huzinyang'anya konsonanti njia. Kitandazwe juu ya sanduku, kisishuke mbele. Na sabufa iliyosukumwa pembeni ukutani huvuma kupita kiasi; isogezwe kidogo.

Nawaandikia walimu na wanafunzi kwa sababu shule nazo hununua vyombo hivi. Shule zilipofungwa mwaka wa 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, masomo ya redio yaliyoandaliwa na taasisi ya ukuzaji mitaala, KICD, yaliwafikia wengi vijijini. Mwanafunzi wa aina hiyo hakuhitaji kutikiswa kifua, alihitaji kusikia. Nimeona kamati ya ununuzi ikizunguka chombo, ikisifu taa na ukubwa wake, pasipo hata mjumbe mmoja kusimama nyuma ya chumba kusikiliza kama sentensi moja ya Kiswahili inafika kule. Fedha za wazazi hutumika, na mtoto wa dawati la mwisho hudhaniwa kuwa mzito wa kuelewa.

Ushauri wangu ni huu. Kwanza, nenda dukani na sauti unayoijua: hotuba, shairi lililosomwa, au rekodi ya mzee wenu. Usikubali kuchaguliwa wimbo na muuzaji. Pili, chukua wimbo wa benga, tuseme wa marehemu Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka wa 1987, na kundi lake la Kilimambogo Brothers. Sikiliza kama gitaa la solo na gitaa la besi yanajibizana, au kama moja limelimeza jingine. Tatu, ligonge sanduku kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe, liache. Nne, geuza chombo nyuma usome wati zake za kweli. Hayo yote yafanye macho yakiwa yamefumbwa, isipokuwa la nne. Kisha yafumbue, na katika vile vilivyofaulu, chagua kilicho kizuri kuliko vyote.

Utaratibu huu hauliondolei jicho haki yake. Unalipa zamu ya pili tu. Chombo changu cha kung'aa bado kipo. Mpwa wangu alikiomba, akakipeleka anakoishi, nasikia taa zake zingali zinacheza. Nami kila nirudipo Makueni mama huniomba nimwekee kanda ile, kisha huketi kimya, akimsubiri mamaye afike mahali pa kuitikia.